Muzee Pas Encore

Ukifika Murara, hapa Goma, ukauliza nyumba ya Twahiru, watu watakutazama tu. Uliza nyumba ya Muzee Pas Encore, utaonyeshwa kwa kidole na kwa kicheko juu yake. Jina hilo alipewa na madereva wenzake, na mimi silipendi. Mimi ni Saumu, shemeji yake, mdogo wa marehemu mke wake Ramla. Nimelinyamazia jina hilo kwa miaka kwa sababu yeye mwenyewe aliniomba ninyamaze. Sasa sina tena wa kumnyamazia.

Twahiru alikuwa dereva wa taksi. Gari yake ilikuwa Carina nyeupe iliyokuja kwa njia ya Mombasa, usukani uko kulia. Na sisi huku Congo tunashika upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo dereva wa gari kama hiyo amekaa upande wa mtaro, na akifuata lori anachokiona ni matako ya lori basi. Anayeona barabara ni yule aliyekaa kiti cha kushoto. Goma imejaa magari hayo, na kila siku utamsikia dereva anamuuliza abiria asiyemjua, labda ana usingizi, labda ametoka kunywa: "Papa, iko bien? Nipite?" Abiria anasema pita, na dereva anapita. Twahiru alikuwa anasema huo ni wazimu, na kwamba yeye hawezi kuazima macho barabarani.

Macho yake ya kushoto yalikuwa Ramla. Dada yangu alikuwa anauza vitenge soko la Virunga, na kila asubuhi alipanda gari ya mume wake kiti cha mbele, kisha jioni hivyohivyo. Katikati ya siku, kama Ramla hayupo, Twahiru hapiti gari yoyote. Atafuata mkokoteni mpaka mwisho wa avenue, abiria wanasonya nyuma. Ramla akiwemo, maneno yalikuwa mawili: bado, na pita. Twahiru ndiye aliyeyachagua. Alisema injini ipige kelele, mvua igonge bati, mtu akohoe, bado na pita hayafanani hata kidogo.

Na Ramla alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu. Anakupa habari za soko zima huku macho yake yako mbele: "Basi yule mama akamwambia mwenzake, bado, akamwambia kitenge chako kimechuja, bado, bado, mwenzake akavua kiatu, pita, akamrushia." Nilicheka sana nyuma ya gari ile.

Kitu kilichonikera ni nafasi. Twahiru aliacha nafasi mbele yake, gari nzima ingeingia, na Goma ukiacha nafasi unaingiliwa. Pikipiki inachomeka, basi dogo linachomeka. Nilimwambia, shemeji, wanaijaza nafasi yako, wanakufanya mjinga. Alijibu, "Baijaze tu. Mi ntaacha ingine." Hivyo ndivyo alivyoendesha tangu waasi wa kwanza mpaka waasi waliofuata. Volkeno ya mwaka elfu mbili na mbili ilimlia nyumba na akatutoa wote katika moshi. Waasi waliingia mwaka elfu mbili kumi na mbili, mji mzima ukatoka mbio, na gari yake haikupata hata mkwaruzo.

Walikuwa na mtoto mmoja, Alima. Alisoma vizuri, akapata kazi kwenye ofisi moja kule Himbi, na Kifaransa kikamkaa mdomoni. Siku moja alikaa kiti cha mama yake. Tukafika Katindo nyuma ya lori la bia, baba akauliza, na Alima akajibu, "Pas encore, papa. Pas encore." Twahiru akasimamisha gari palepale mbele ya kambi ya wanajeshi, honi zinalia nyuma, akageuka.

"Mutoto yangu, ndani ya gari hii hakuna Kifaransa. Passe ya kusema pita na pas encore ya kusema bado zinaanza na mudomo moja. Siku nikisikia nusu, tumekufa. Unasema bado, ao unasema pita."

Alima alicheka mpaka machozi. Twahiru aliwasimulia madereva wenzake kituoni, nao wakacheka. Kila mtu Murara akaijua hadithi hiyo.

Sasa niseme ya mwezi wa tano, mwaka elfu mbili ishirini na moja. Mlima wa volkeno ulikuwa umetoka moto Jumamosi, moto ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Tukasema tumepona. Lakini ardhi iliendelea kutikisika usiku na mchana, kuta zikapasuka, na Alhamisi alfajiri redio ikasoma tangazo: mitaa hii na hii itoke, Murara ikiwemo, mwelekeo ni Sake, moto unaweza kutokea chini ya miguu yetu. Mji wenye watu wale wote, na barabara ni moja.

Ramla alikuwa na pumu. Majivu yalikuwa hewani tangu Jumamosi, na asubuhi ile kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi unaisikia kutoka nje. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha, na maduka ya dawa yote yalikuwa yamefungwa. Sake kulikuwa na hospitali yenye oksijeni, mtu aliyepiga simu alituhakikishia. Kazi yetu siku ile ilikuwa moja: kumfikisha Ramla Sake akiwa hai. Hatukufikiria nyumba, hatukufikiria mlima.

Tulimlaza kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kichwa begani kwangu. Alima akakaa mbele, kiti cha mama yake.

Ndosho tulitambaa. Magodoro juu ya magari, mbuzi kwenye buti, akina mama na mitungi kichwani, wazee wanasukumwa kwenye vikokoteni vya mbao. Magari yalikuwa yamechukua pande zote mbili za barabara, yote yanaelekea Sake, na wachache waliorudi mjini kuchukua familia zao walikuja kwa kasi na kwa matusi. Twahiru alibaki upande wake. Aliacha nafasi yake mbele, wakaijaza, akaacha nyingine. Nilimpigia kelele, sikatai. Nilimwambia dada yangu anakufa na wewe unawakaribisha watu. Yeye alikuwa anamtazama Ramla kwenye kioo.

Baada ya Mugunga msongamano ulipungua kidogo. Mbele yetu kulikuwa na lori moja, limejaa magodoro na watu juu yake, linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, linatema moshi mweusi. Moshi ule uliingia kwetu hata na vioo vimefungwa. Midomo ya Ramla ilibadilika rangi. Nilisema, "Shemeji, hapumui tena vizuri."

Twahiru akauliza, "Alima, unaona nini?"

"Bado, papa."

Tukaendelea. Akauliza tena.

"Bado."

Ramla akashika mkono wangu, kisha mkono wake ukalegea. Nilimwita jina. Alima akageuka akamtazama mama yake, akarudisha uso mbele, akainua shingo.

"Pita," akasema.

Alisema pita. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti, kama baba yake alivyomfundisha. Nilikuwa nyuma yao na nilisikia kama ninavyokusikia wewe. Twahiru akatoka kushoto. Pikapu ilikuwa inakuja kutoka Sake ndani ya vumbi, bila taa. Twahiru alirudisha usukani kulia na karibu afaulu. Ilitupata mlango wa nyuma, upande wa Ramla.

Dada yangu alifia pale barabarani. Twahiru alivunjika nyonga. Alima aligonga kichwa, akalala hospitalini Sake bila kujua jua wala mvua. Mimi sikupata kitu, na nimemuuliza Mungu sababu, hajanijibu. Tulimzika Ramla Sake siku ileile. Mlima haukutoka tena. Moto uliosemwa uko chini ya miguu yetu haukuja. Watu walirudi mjini, na sisi tukarudi, tukafungua mlango ambao Ramla alikuwa ameufunga kwa mkono wake, na sufuria yake ilikuwa jikoni na maharage yameota ukungu.

Alima alipoamka hakukumbuka kitu baada ya Mugunga. Isipokuwa lori na magodoro, basi. Swali lake la kwanza lilikuwa mama. La pili alimuuliza baba yake, aliyekuwa kitanda cha jirani na mguu umefungwa.

"Papa, nilisema nini?"

Twahiru hakusita hata kidogo. "Ulisema pas encore. Mi nilisikia passe. Ni masikio yangu, mama. Hapana weye."

Nilifungua mdomo. Alinitazama mara moja tu, na nikaufunga. Alima alilia siku nzima, lakini usiku alilala. Alima alipotoka nje, baba yake aliniambia, "Saumu, ile neno aliisema ni yangu. Akiijua, hataishi."

Basi ndivyo jina lilivyozaliwa. Madereva waliijua hadithi ya Katindo, na sasa waliona mwisho wake. Dereva aliyejidai hapiti bila macho, ameua mke kwa masikio. Walimpa pole msibani, na baada ya msiba wakaanza: Muzee Pas Encore. Aliitika. Gari iliegeshwa ukutani, kuku wakataga ndani. Yeye alibaki kituoni na mguu wake mbovu, akiosha magari ya wenzake, na kijana yeyote aliweza kumpigia kelele sikioni kwa mzaha, "Muzee, ulisikia?" Anajibu, "Nusu." Wanacheka. Mimi nilikuwa napita njia nyingine ili nisiwatukane.

Na Alima aliacha Kifaransa. Ofisini alikisema kwa kuwa alilipwa kukisema, lakini akivuka kizingiti cha nyumba, hata merci haitoki. Alidhani Kifaransa chake ndicho kilichomuua mama. Kila mwaka tukimsomea Ramla dua aliuliza swali lilelile, na baba yake alimpa jibu lilelile. Nilimwona akilipokea kama dawa chungu, akameza, akaishi. Kwa hiyo nilielewa kwamba Twahiru hakukosea. Bora mtoto ailaumu lugha yake kuliko macho yake mwenyewe.

Halafu waasi wakarudi. Mwezi wa kwanza, mwaka elfu mbili ishirini na tano, wakaingia mjini. Sisi Murara tuko jirani na uwanja wa ndege, na vita vilikaa hapohapo. Umeme ulikatika, maji yakakatika. Nyumba yetu ni ya mbao, risasi haiulizi hodi. Tulilala chini kwenye korido, sisi watatu, na magodoro tumeyasimamisha ubavuni. Bidon ya mwisho, yaani dumu la maji, ilikauka. Kwa jirani ng'ambo ya uchochoro kulikuwa na tangi la maji ya mvua, mwendo mfupi sana, lakini uchochoro wenyewe ulikuwa wazi.

Twahiru hawezi kukimbia. Mimi nilikuwa na homa, natetemeka. Alima akakamata bidon, akachuchumaa kwenye mlango. Baba yake akakaa nyuma yake, sikio kwenye mbao. Alikuwa anasikiliza silaha: hii iko mbali, hii iko kwenye uwanja, hii inakuja.

"Papa, niende?"

"Bado."

Tukangoja sana. Midomo yangu ilikuwa imepasuka.

"Papa?"

"Bado, mama. Bado."

Kisha kukawa kimya. Ulikuwa ukimya wa kweli, hata kuku walianza kulia. Twahiru alisikiliza, akafumba macho, akasikiliza tena. Kwa maisha yangu yote naapa alifanya kila kitu ambacho mtu anaweza kufanya.

"Pita," akasema.

Alima alivuka. Alijaza maji. Alikuwa anarudi, nilimwona kwenye ufa wa mlango, bidon inamvuta upande mmoja, na risasi moja tu ikalia kutoka sijui wapi. Bidon ilianguka kwanza.

Nimewasikia watu wakisema mji umetulia sasa. Sijui wanatazama wapi. Tulimzika Alima pamoja na wengine wengi, haraka haraka, na Twahiru akaketi kwenye kizingiti na hajatoka hapo vizuri mpaka leo. Kituoni bado wanamwita Muzee Pas Encore, na hawajui hata wanachosema.

Siku moja nilimpelekea uji, hakuugusa. Aliniambia, "Saumu, mi nilisema nini?"

Nilijua ananiuliza nini. Nilijua pia jibu gani mtu mwema analitoa, maana nilikuwa nimelisikia kutoka kwake kila mwaka. Nikaweka kikombe chini, nikakaza uso.

"Shemeji, ulisema bado. Mi nilisikia. Ni Alima hakusikia muzuri."

Aliniinulia uso. Macho yake hayakuwa na hasira, na afadhali yangekuwa nayo.

"Nilisema kwa luga gani?" akauliza.

Nikakiinua kikombe cha uji. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyachagua maneno yale, bado na pita, tangu zamani, kwa sababu hayafanani.