Mama Evelyn na Unga wa Kwenye Kenchi

Mektrida, mama wa Kibosho anayefagia kiwanda cha kusaga mahindi mjini Moshi, alichekwa kwa miaka mingi. Wafagiaji wenzake walifagia chini, mahali bosi anapopaona. Yeye alipanda ngazi hadi kwenye kenchi, zile mbao za kubeba paa, akafuta kwa kitambaa chenye unyevu unga uliolala huko, mnene kama blanketi la mtoto.

"Mama Evelyn, huko juu nani atakuona?" walimuuliza.

"Moto," alijibu, akaendelea kufuta.

Alikuwa na sababu. Mwaka wake wa kwanza kazini alikung'uta gunia karibu na jiko la mkaa la mlinzi, aliyekuwa akichemsha chai. Unga ukatanda hewani, na kufumba na kufumbua ukawaka wote kwa mkupuo, ukazimika hapohapo. Chai haikumwagika, lakini Mektrida alirudi nyumbani bila nyusi. Mumewe alicheka hadi akakaa chini kwenye migomba.

Yeye akabaki na swali. Unga kwenye sufuria huungua tu ukanuka. Mbona ule wa hewani umelipuka? Aliuliza huku na huku, mpaka alipokuja mkaguzi wa usalama kazini akamweleza. Vumbi laini likitawanyika, kila chembe huzungukwa na hewa yake, basi zote hushika moto kwa pamoja. Ndani ya bomba au chumba kilichofungwa, moto huo hukosa pa kwenda, ukapasua kuta. "Na mlipuko wa kwanza mara nyingi ndio mdogo," mkaguzi alisema. "Huo hukung'uta vumbi lililolala juu. Unaoua ni wa pili." Tangu siku hiyo Mektrida na ngazi yake hawakuachana.

Mwaka jana, asubuhi moja wakati wa mavuno, lifti ya ndoo inayopandisha mahindi ghorofani ilipata ufa. Akaitwa Abdulsalam, fundi wa kuchomelea kutoka mjini, mtu hodari na mcheshi. Mektrida alimkuta amevaa miwani yake, waya mkononi, na mashine bado zinanguruma. Hakubishana. Alikwenda ukutani akabonyeza kitufe chekundu, na kiwanda kizima kikanyamaza.

"Mama, kulikoni?" Abdulsalam alisema. "Miaka kumi na tano nachomelea. Huu ni unga tu, tunaula."

"Na mafuta ya kupikia tunayala, fundi. Utayachomelea?"

Godwin, meneja, alishuka ngazi mbili mbili. Umri wake ni wa mwanawe Mektrida, na hata akiwa na hasira hasahau adabu. "Shikamoo mama. Nani kazima?"

"Marahaba. Ni mimi. Nipe robo saa na kopo tupu la rangi."

Malori yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani. Godwin alitazama malori, akamtazama mama, akaagiza kopo.

Uani Mektrida alitoboa kopo karibu na kitako, akapitisha mpira mrefu, akaweka ndani konzi ya unga na mshumaa unaowaka, akafunga kifuniko. Aliwasogeza watu wote nyuma, akageuza uso pembeni, akapuliza kwenye mpira.

Kopo likatoa mshindo kama wa bunduki. Ulimi wa moto ulitoka, na kifuniko kikaruka juu ya bati la ghala. Kuku wa mlinzi hawakuonekana tena hadi jioni.

Abdulsalam alivua miwani. "Kopo la lita nne," alisema polepole, kisha akainua macho kuifuata lifti hadi juu kabisa. "Na ile?"

Walifungua lifti, na ndani wakakuta unga unaofika magotini. Siku nzima waliuzoa na kupangusa, meneja naye akiwa amekunja mikono ya shati, kichwa cheupe kama cha babu. Kipande chenye ufa kilifunguliwa, kikachomelewa nje uani, mbali na vumbi. Jioni waliketi kwenye magunia wakila ndizi za kuchoma, na Abdulsalam akamwigiza Mektrida akipuliza mpira hadi mama mwenyewe akalia kwa kicheko.

Kupuliza vumbi kwa kompresa kumepigwa marufuku sasa. Ipo mashine ya kulifyonza, na Mektrida ana wafagiaji watano chini yake, wote wenye ngazi. Kila Alhamisi yeye na Abdulsalam huzungukia mashine za kusaga za vijijini na kopo lao.

Wiki iliyopita walikuwa eneo la Kwa Sadala, kwa bibi Elisifa, anayeendesha mashine yake mwenyewe tangu ujana. Bibi alisikiliza akiwa amefunga mikono, uso mkavu. Kopo lilipolipuka, kanga yake ilimdondoka begani. Aliiokota, akajifunga vizuri, akamsogelea Mektrida.

"Nipe huo mpira," alisema. "Nataka kupuliza mwenyewe."

Alipuliza mara tatu. Kisha akafunga mashine, akawaambia wateja warudi kesho, na akamtuma mkwewe kwa jirani kuazima ngazi.