Mkadi wa Tatu

Kasening wa Sogamin alikuwa na kazi moja tu, na kazi yenyewe ilikuwa macho. Kila asubuhi apande kilima cha mwisho wa kiwanja cha ndege, atazame Mwanya, pale milima miwili inapoachiana, ahesabu miti ya mikadi iliyosimama juu kule. Iko mitatu. Ukiiona yote, ndege inapita. Ukiona miwili, ingoje. Huoni kitu, rubani akae kwake anywe chai. Halafu ashuke aseme kwenye redio alichokiona. Basi. Kazi gani hiyo ya kumshinda mtu mzima?

Miaka kumi na tisa aliifanya, na kichwa kikamvimba. Shati la mifuko miwili, kalamu mfukoni, na hana cha kuandika. Watu wakamwita Bwana Hewa, naye anaitika!

Ikaja karamu ya kupatana na wakwe zake. Mgeni mkubwa ni mzee Bakming, mjomba wa mkewe, anayekaa ng'ambo ya mlima. Nyama ya kwanza lazima aikate yeye, la sivyo hakuna wa kutia mdomoni. Magoti yake hayawezi siku tatu za njia, basi aje kwa ndege.

"Alhamisi anatua," Kasening akatangaza. "Nimesema mimi."

Kwa neno lake, alfajiri ya Alhamisi wakachinja nguruwe kumi na mmoja, wakawafukia na viazi kwenye mawe ya moto. Ukungu nao ukashuka.

"Shemeji," Dagui, kaka wa mkewe, akapaza sauti, "mjomba anakuja, au hawa nguruwe tuwafufue?"

"Anakuja."

"Anakujaje? Mgongoni kwako?"

Watu wakacheka. Yemis, mkewe, naye akacheka, kajiziba mdomo kwa mfuko wake wa kamba. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma.

Redio ikaita, rubani huyo. "Sogamin, hapa Morea. Nipe Mwanya, kaka."

Kasening alikuwa mlangoni pa kibanda. Kilimani hakupanda. Mbele yake weupe mtupu, kama majivu yaliyomwagiwa maji. Akajiambia, saa hizi ukungu huwa unanyanyuka.

"Mwanya uko wazi, Kapteni."

"Mikadi?"

"Yote mitatu. Naiona kama vidole vyangu."

"Haya. Macho yangu ni wewe. Naja."

Walisikia injini ndani ya wingu. Ikalia kwa nguvu, kama inayotafuta pa kupandia. Halafu ikanyamaza. Wanaume wakachukua mapanga, wakapanda wakikata msitu kufuata ilikotoka sauti.

Mzee Bakming walimkuta amekufa kitini, kofia mpya ya karamu ameishika magotini. Morea alikuwa hai, paja limevunjika. Wakatengeneza machela ya miti na magunia mawili. Kasening akawahi kushika mbele, aonekane anabeba.

Walirudi kwa njia ya Mwanya, na walipofika jua lilikuwa linawaka, bila hata haya. Mikadi miwili imesimama. Wa tatu umelala katikati ya njia, mizizi juu, majani yamekuwa ya njano. Machela ilibidi inyanyuliwe ipitishwe juu yake.

Morea akainua mkono. "Simameni. Kaka Kasening, hesabu iliyosimama."

"Kapteni, mguu wako..."

"Hesabu."

"Miwili."

"Na asubuhi ilikuwa mingapi?"

Mikono yote miwili ya Kasening ilikuwa kwenye machela. Uso hakuwa na cha kuufunikia.

"Sikupanda, Kapteni."

"Na jana?"

Dagui akachuma jani, akalivunja, likakatika kavu. "Huu una wiki nzima chini," akasema. "Wiki nzima, Kasening!" Hakumwita tena "shemeji", mpaka leo.

Nguruwe wote kumi na mmoja waliachwa waoze mlemle mashimoni, maana mkataji hakuwepo. Kijiji kizima kilinuka.

Walipokuja wachunguzi wa ajali, wazee walimfundisha Kasening aseme ukungu ulishuka baadaye, wasije wakafungiwa kiwanja. Akasema kweli: hakupanda. Wachunguzi wakamshukuru. Wamshukuru kwa lipi? Kweli iliyosemwa mtu akishazikwa inampa nani faida? Kiwanja kikafungwa miezi minane, chumvi ikabebwa mgongoni siku tatu, na kila aliyetua mzigo alimtazama yeye.

Siku hizi anayesema redioni ni Yemis. Anapanda kilimani, anahesabu miwili, kwa sababu ndiyo iliyopo. Kasening alipanda mche wa mkadi mwingine kule juu, umefika magotini. Ukue tu, Bakming hafufuki.

Morea amerudi kuruka, anachechemea. Akitua humsalimia Yemis, hushusha mizigo, huuliza habari za watoto. Kasening anakuwa nyuma ya mapipa ya mafuta, amechuchumaa, na shati lake la mifuko miwili, mpaka asikie ndege imeondoka.