Blanketi la Viraka Lililonifuata Hadi Mlangoni

Kiingilio kilikuwa bure. Lakini nikijumlisha yote (na nimejumlisha mara mbili), maonyesho yale yalinigharimu kitenge changu cha zambarau, jioni za wiki nzima, ncha ya kidole cha shahada, na mbinu ya biashara iliyonilisha tangu mwanangu Kandida yuko mgongoni. Aibu sijaiweka kwenye hesabu kwa sababu sijui inapimwa kwa kipimo gani. Nasimulia mwenyewe kwa kuwa wengi wenu mmeshasikia kwa Fausta, jirani yangu wa meza pale sokoni, na Fausta akisimulia habari ya mtu anaongeza chumvi hadi mwenyewe hujitambui.

Mimi nauza mitumba, mashuka na mablanketi, hapa Songea mjini, na ninavyonunua mnanijua. Kwanza nageuza kitu ndani nje nikitafuta kasoro, nikiipata naitaja kwa sauti ili na jirani asikie, kisha nasema bei yangu na kuondoka polepole bila kugeuka. Hapo ndipo penye kazi. Mwenye mali atakuita, "Mama, rudi!", na wewe usigeuke. Ataita tena, usigeuke. Akianza kuita kwa uchungu, hiyo sasa ndiyo bei yenyewe.

Basi siku ile Fausta akaniambia kuna maonyesho ya mablanketi ya viraka kwenye ukumbi wa parokia, akina mama wa kijiji cha Mpitimbi wameleta kazi zao, twende tukashangae. Baridi ya Juni ilikuwa imeshaanza kung'ata, wateja wanauliza mablanketi kila dakika, kwa hiyo Fausta alienda kushangaa na mimi nikaenda kununua kwa bei ya jumla.

Ila nakiri, nilishangaa. Nilikuwa na picha ya viraka vile vya bibi zetu, mraba mwekundu, mraba wa bluu, basi. Wapi! Lilikuwepo blanketi limeshonwa kwa vipande vyembamba vilivyopinda, ukisimama mbali unaona matuta ya mahindi yanavyozunguka kilima. Jingine lilikuwa la suruali kuukuu za jinzi, zote bluu, na utepe mmoja wa njano umekatiza kama njia. Jingine la pundamilia, milia yake yote ni kanga zilizokatwa, maandishi yamebaki herufi moja moja. Nikagusa unene nikahesabu tabaka: juu viraka, katikati pamba, chini shuka. Nikahesabu tena, tatu kweli. Na mshono wa mkono, mdogo mdogo kama punje za ulezi, unapita tabaka zote na nyuma hauoni hata fundo.

Halafu nikaliona moja mwisho wa kamba waliyotundikia, karibu na meza kuu alipokaa mgeni rasmi. Viraka vyake vilianzia katikati vikazunguka na kuzunguka hadi ukingoni, kama konokono, rangi zinatoka kwenye kijani zinaingia kwenye kahawia bila wewe kujua zimebadilikia wapi. Moyo ukaruka. Uso nikauzuia, maana uso ukifurahi bei inapanda.

Pembeni yake alikaa mama mtu mzima, kitambaa kichwani, mikono mapajani. Baadaye nilikuja kujua anaitwa Mama Oresto, ndiye kiongozi wao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu utazame."

"Hili bei gani?"

"Hilo haliuzwi. Lina mwenyewe."

(Kwangu mimi "haliuzwi" ni bei ya kuanzia, tena imetajwa na mtu mzoefu.)

Nikaanza kazi. Nikaligeuza nyuma, nikakuta fundo la uzi mnene wa nailoni limejitokeza waziwazi, nikalivuta kupima kama mshono una nguvu. Likafunguka. Mshono mbovu, nikajisemea, nikapunguza elfu tano kichwani. Kisha nikarudi mbele nikatafuta kasoro ya kutaja, nikaipata: kile kiraka cha katikati kabisa, pale konokono anapoanzia, kilikuwa kimepauka hadi maua yake hayaonekani.

"Sasa mama, hiki cha katikati mbona kimechoka namna hii?" nikasema kwa sauti yangu ya sokoni. "Mmeharibu mali nzuri kwa tambara moja."

Mama Oresto akakipapasa kile kiraka kwa kiganja. "Hicho ndicho kina mwenyewe zaidi," akasema.

"Elfu thelathini."

"Mwanangu, nimekwambia haliuzwi."

"Haya, kaa nalo."

Nikageuka nikaanza kuondoka. Polepole, kama kawaida.

Sasa jambo ambalo sikulijua (na ambalo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pale, lakini mimi karatasi huwa sisomi, nasoma nyuso) ni kwamba blanketi lile lilikuwa halijamalizika. Walilitundika makusudi ili watu waone kazi inavyokwenda. Lilikuwa limepigwa bandi tu, yaani limeshikizwa kwa uzi mrefu wa muda unaozunguka kutoka ukingoni hadi katikati, uzi mmoja huo huo, na fundo lake ni lile nililolifungua. Na ncha ya uzi huo ilikuwa imenasa kwenye zipu ya mkoba wangu.

"Mama! Rudi!" nikasikia nyuma yangu.

Nikatabasamu. Sikugeuka.

"Rudi mama, tafadhali, rudi!"

Tafadhali! Miaka yote ya sokoni sijawahi kuombwa tafadhali. Nikaongeza mwendo kidogo. Wakaita wawili, wakaita watatu, ukumbi mzima ukaanza kuita, nikajisemea leo watanipa na la pundamilia juu.

"Simama hapo hapo, we mwanamke!" Hiyo ilikuwa sauti ya Fausta. Nikakasirika, nikaona ananiharibia biashara.

"Ishirini na tano!" nikapaza sauti bila kugeuka. "Kuna kasoro, ndiyo mwisho!"

Karibu na mlango nikahisi mkoba unavutwa. Sasa wewe niambie, mjini mtu akivutwa mkoba anauliza nani? Anavuta. Nami nikavuta kwa nguvu zote za kubeba marobota. Nyuma kukasikika kitu kinachanika, kamba ikang'oka msumarini, na safu nzima ya mablanketi ikashuka juu ya meza kuu.

Nikageuka. Mezani hapaonekani mtu, zimebaki chupa za soda na pundamilia mmoja mkubwa anayepapatika. Ndani ya pundamilia akasikika mgeni rasmi akiuliza kwa upole, "Jamani, umeme umekatika?"

Watu walicheka, sikatai. Lakini kutoka pale mezani hadi miguuni pangu pamba ilikuwa imetapakaa, kama kuku mweupe amechinjwa na mtu asiyejua kuchinja, na Mama Oresto alikuwa amepiga magoti anaiokota kidogo kidogo anaiweka kwenye upindo wa kanga yake. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

Fausta akanifikia, akaninong'oneza kwa hasira. Blanketi lile ni la Sista Imakulata, binti wa Mpitimbi, Jumapili inayofuata anaweka nadhiri za daima kisha anapelekwa kazini milimani, upande wa Mbinga. Kila mama wa jumuiya yao ametoa kipande cha kitenge alichokivaa mwenyewe. Na kile cha katikati, nilichokiita tambara, ni cha marehemu mama yake.

Nikasogea pale alipopiga magoti. Mdomo ukatoa kitu pekee ulichozoea kutoa. "Mama, nitalipa. Niambie bei."

Akaniinulia macho. "Mwanangu, mpaka sasa hivi wewe bado unanunua tu?"

Cha marehemu kilisalimika, Mungu ni mwema. Kilichochanika ni kiraka kinachopakana nacho. Mama Oresto akaniambia utaratibu wao: aliyechana ndiye anayeziba. Kesho yake nikapeleka kitenge kipya, karatasi ya dukani ingali imebandikwa. Akakinusa, akanirudishia. "Hiki kinanuka duka. Lete ulichokivaa wewe."

Ndipo kikaja kile cha zambarau, nilichokivaa siku Kandida anapata kipaimara, ambacho hata kanisani nakivaa kwa kuchagua. Nikajitahidi kupunguza hasara. "Kateni hapa pembeni, kwenye upindo, hata haitaonekana."

"Pembeni hapajakaa mtu," akasema, na mkasi ukaingia katikati.

Wiki ile kila jioni nikafunga meza mapema, nikaenda kushona nyumbani kwa dada yake Mama Oresto hapa mjini, ambako akina mama walikuwa wamefikia. Walinifundisha kukunja ukingo ndani, kupiga bandi upya, kisha kufuata na ule mshono wa ulezi. Mishono yangu ya kwanza waliifumua yote, ya pili wakaifumua nusu. Kidole kilitobolewa hadi nikashindwa kuhesabu noti. Kila nilipoinua kichwa kulalamika walikuwepo wa kunikumbusha: "Ishirini na tano, kuna kasoro!" Jumamosi alasiri tukafunga fundo la mwisho, na nililikagua mara mbili.

Jumapili, baada ya misa, Sista Imakulata akakunjuliwa blanketi lake. Kiganja chake kikaenda moja kwa moja kwenye kile kiraka kilichopauka, kikatulia pale muda mrefu. Kisha kikasogea kidogo kikagusa zambarau.

"Na hiki ni cha nani?"

Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo. Mama Oresto hakunitafuta kwa macho, akajibu tu: "Cha mama mmoja alikuwa anaondoka. Tukamwita akarudi."

Nimeapa sitagusa kitu kilichotundikwa kabla sijaambiwa gusa, na karatasi zilizobandikwa sasa nazisoma hadi nukta ya mwisho. Lakini tatizo langu liko palepale. Siku hizi nikitaja bei na kuanza kuondoka, sokoni wote wanapaza sauti, "Rudi mama, tafadhali, rudi, uzi huo!" Wanacheka hadi machozi, nami siwezi tena kujua nani ananiita kwa uchungu na nani ananicheka, kwa hiyo nageuka. Na ukigeuka umeshanunua. Juzi nimenunua robota kwa bei ya kwanza aliyotaja mwenye mali, akanitazama kama naumwa.

Basi ndugu zangu, mwenye kujua namna ya kushusha bei mtu akiwa amesimama palepale, naomba anifundishe. Nitamshukuru sana. Tena akitaka malipo, ataje tu, sitaondoka.