Vibahasha vya Mzee Mwishehe

Sista Bertha, muuguzi, alikuwa na kaunta buku lenye jalada jekundu, pembe zimeliwa, limefungwa kwa kipande cha mpira. Humo ndimo walimokuwa wagonjwa wake thelathini na wanane wa Kisarawe, watu wa sukari, presha na kiharusi, ambao shirika lake dogo la Kibaha liliwahudumia majumbani. Miaka kumi na moja alipanda bodaboda kwa njia ya Kiluvya, mkoba begani, akiandika alichoona kinafaa. Huyu anaficha vidonge chini ya godoro. Yule usimpime presha mbele ya mkwewe. Na kwenye ukurasa wa Mzee Mwishehe aliandika kwa penseli: Anafunga. Hasemi.

Hilo la kufunga lina kisa chake. Mzee Mwishehe alikuwa na miaka sabini na mbili, mkulima wa mihogo na mikorosho, na daktari alimkataza kufunga Ramadhani kwa sababu ya sukari. Binti yake Raudha, muuza vitenge wa Mlandizi, alisikia kwa masikio yake. Mwezi ulipoandama akamfuata babake, akamchukua kwake, akamsimamia ale mchana siku zote thelathini. Mzee aliporudi alimwambia Bertha, bila kumtazama usoni, kwamba kwa umri wake hajapata kuaibika namna ile.

"Sista, mimi nitafunga," alimwambia mwaka uliofuata. "Wewe nipangie dawa tu. Ila Raudha asijue."

"Baba, ukidondoka je?"

"Nikijisikia vibaya nitafungua. Nakuahidi."

Bertha ni Mpare, Mlutheri wa Same, na swaumu hii si ibada yake. Lakini alimpenda mzee yule, tuseme ukweli, kama baba yake mwenyewe aliyezikwa yeye akiwa mbali. Akakubali. Akamwuliza daktari kwa kuzungukazunguka, kana kwamba ni habari za mgonjwa mwingine, akaelezwa namna ya kupanga, maana dozi nzima kwenye tumbo tupu hushusha sukari mpaka mtu akazimia. Vidonge alikuwa akivigawa katika vibahasha vya karatasi, vyenye picha ya jua kwa asubuhi na ya mwezi kwa jioni, kwa kuwa mzee na mkewe Mwamini macho yao hayakuweza tena kusoma. Ramadhani ikifika, vibahasha vya jua alivipunguza, vidonge viwili vikawa nusu ya kidonge, ya kumeza wakati wa daku. Miaka minne mzee alifunga hivyo na hakudondoka hata siku moja.

Basi mwaka huu shirika likataka kuachana na madaftari. Bwana Wilfred, msimamizi wao, alileta programu mbili za kutunza kumbukumbu za wagonjwa, zilinganishwe. Moja ni ya hospitali: vitanda, maabara, stoo ya dawa, kila kitu kimo, ila mtandao ukikatika nayo inanyamaza. Ya pili imetengenezwa kwa ajili ya wanaohudumia majumbani. Inakaa kwenye simu, inaandika hata pasipo mtandao, na kila baada ya ziara inamtumia ndugu wa mgonjwa ujumbe wa hali yake. Bertha aliipenda hiyo ya pili tangu siku ya kwanza, aliisifia mpaka wenzake wakamtania kwamba amepata mchumba.

Kazi ya kuhamisha daftari lake kuingia kwenye simu ilikuwa yake mwenyewe. Alipofika kwa Mzee Mwishehe, simu ikamwuliza: Mgonjwa anafunga Ramadhani? Ndiyo au hapana. Kidole kikasita. Akibonyeza ndiyo, ujumbe utamfikia Raudha, na mzee atachukuliwa tena Mlandizi. Chini yake palikuwa na nafasi pana ya maelezo ya ziada, nayo aliiona. Kisha akabonyeza hapana, akaiacha nafasi ile tupu, akajisemea kwamba si kitu, mzee ni wa kwake na vibahasha atavipanga mwenyewe.

Hakujua Wilfred anawaza nini. "Kila mtu akibaki na wagonjwa anaowajua, hapo hatulinganishi kitu," Wilfred alisema kikaoni. "Pale programu ilipopungua, muuguzi anajazia kwa kichwa chake. Mtabadilishana njia kwa wiki tatu, tuone kama kilichoandikwa kinatosha." Bertha akapewa Gwata na Dutumi, ambako mtandao ni wa kubahatisha. Kisarawe akapewa mwenzake Aneth. Zilikuwa zimebaki siku sita Ramadhani ianze.

Hapa ndipo ninapomkasirikia Bertha, na yeye alijikasirikia kuliko mimi. Alikuwa na namba ya Aneth. Walikunywa chai meza moja. Sentensi moja tu ingetosha. Siku ya kwanza alisema atamwambia kesho. Ya pili aliona haya, maana ingebidi aeleze kwa nini alijaza uongo. Baada ya hapo kazi za Dutumi zikamzidi, njia mbovu, wagonjwa wageni, na jambo likampita.

Aneth alifanya kazi yake vizuri. Alisoma kwenye simu: hafungi, vidonge viwili asubuhi, kimoja jioni. Akamwuliza mzee pia, na mzee, kwa kuwa hamjui, akamjibu kwamba hafungi. Aneth akavijaza vibahasha, akaaga.

Siku ya tatu ya mfungo mzee alikula daku, akameza vidonge vya jua, akashinda shambani kidogo, akarudi kuswali adhuhuri. Baada ya swala alijinyoosha kwenye mkeka. Mwamini alimwona amelala jasho linamtoka, akampepea, akamwacha, kwa sababu pale kwao aliyefunga akilala mchana haamshwi, usingizi unamsogezea magharibi. Alipomwita kwa futari, hakuitika.

Bertha alifika msibani siku ya pili, kajitanda mtandio, akakaa jamvini na wanawake. Mwamini alimshika mkono. "Dawa alikunywa zote, mwanangu," alisema. "Hakuruka hata moja. Tulijua wewe umeshapanga." Bertha alilia mpaka wafiwa wakaanza kumbembeleza yeye.

Raudha naye akasogea, akamwonyesha simu. Mgonjwa ametembelewa. Hafungi. Dawa amepewa. "Miaka hii yote akisema anakula nilikuwa na shaka, na mwaka huu nilitaka kumfuata tena; huu ujumbe ndio ulionizuia," alisema. "Nikasema, baba sasa amesikia." Bertha akausoma ule ujumbe, akamrudishia simu yake.

Wiki iliyofuata Wilfred alimwekea mezani fomu ya kulinganisha zile programu. Alikuwa amechoka, anataka mambo yaishe. "Mzee ndiye aliyemdanganya Aneth," alisema. "Andika hivyo, dada, tufunge." Swali la saba liliuliza kama programu ilitaka kujua yote yanayohitajika kumhudumia mgonjwa. Bertha akaweka tiki kwenye ndiyo. Chini yake akaandika: Iliuliza. Mzee aliniambia ukweli, mimi nikajaza uongo. Aneth hakuwa na namna ya kujua.

Wilfred aliisoma mara mbili. "Dada Bertha, hii nikiipeleka juu, kazi huna."

"Ipeleke. Ila nipe mpaka jioni."

Akaenda Mlandizi. Raudha alikuwa anakunja vitenge dukani, akamkaribisha, akamsogezea kiti. Bertha hakukaa. Alitoa kaunta buku, akavua mpira, akafungua ukurasa wa mzee, akauweka juu ya vitenge.

"Ule ujumbe uliokufikia, maneno yake niliyajaza mimi," alisema. "Nilijua anafunga. Nilimwahidi kwamba hutajua, na sikumwambia aliyenipokea."

Raudha alisoma ile penseli, na chini yake tarehe, na vipimo vya kila wiki, mwaka baada ya mwaka. Alisoma polepole mpaka mwisho wa ukurasa.

"Alifunga zote?" aliuliza. "Miaka yote hiyo?"

"Miaka minne. Hakuacha hata siku moja."

Raudha akakaa kwenye kile kiti, akajifunika uso kwa kitenge alichokuwa anakikunja, akalia kwa sauti. Bertha alibaki amesimama, mikono inaning'inia, maana hakujua kama bado anayo haki ya kumshika.