Mgeni Niliyempigia Kelele

Juzi ofisini kwetu Mwanhuzi kulikuwa na semina ya kuwahudumia Wahadzabe kwa heshima. Mimi nilipewa kazi ya kupokea wageni. Akaingia mama mmoja akiongea Kihadzabe kwenye simu. Nikadhani hajui Kiswahili, nikapaza sauti na kurusha mikono: “Mama! Wewe! Kaa! Hapa!” Akakaa kiti cha nyuma, nami nikajipongeza. Kisha nikambebea begi bwana wa suti aliyemfuata, hadi meza kuu.

“Karibu, mkufunzi.”

“Mimi dereva,” akasema. “Begi ni la mkufunzi, yule uliyemweka nyuma.”

Mama akasimama, akatabasamu, akanijibu kwa Kiswahili kinachonizidi mimi Msukuma: “Usijali, kaka yangu. Hata ukisema taratibu, nakusikia.”

Ukumbi mzima ukacheka. Nikacheka nao.