Mukono ya Mama ku Radiatere

Siye tulikuwa batoto ku Lubumbashi wakati ya Zaïre, hatukukuwa na telefone ya kutuambia mutokari iko na ugonjwa gani. Mutokari ya kuchezea tulitengeneza siye benyewe na nyaya, na ya kweli tuliijua na mikono. Mu nyumba yetu ya Bel-Air, mukono ya kwanza ilikuwa ya mama. Sema unavyotaka.

Nakumbuka kamioneti yetu ya buluu, ya zamani kuliko miye. Baba alikuwa anatumika ku mungodi, lakini kamioneti ilikuwa ya mama. Kila siku ya posho, njo jumamosi, alienda nayo paka Lukafu kuleta mahindi na maharagi ya kuuzisha ku soko, na ile mahindi njo ilitusomesha, siye batoto batano. Mule ndani mulinuka essence ya moteur, jasho na karanga ya kukalanga. Banaume mu barabara banasema: «He! Mwanamuke anaendesha!» Mama anapiga honi, anapita.

Njo kamioneti ikaanza kuchemka. Kilima moja tu, moshi! Baba akaipeleka kwa mekanisie ya nyuma ya soko. Ule muntu aliangalia kidogo tu, akapangusa mikono: «Citoyen, moteur imekufa. Uzisha tu, miye nitanunua hii chuma.» Baba akakubali mbio mbio, akamupa funguo. Baba yangu, muntu ya kubishana hata juu ya chumvi! Nilishangaa.

Mama alikuwa anapika sombe, mboga ya kula na bukari ya unga ya mahindi, wakati alisikia habari. Akaacha chungu ku mbabula, akanikamata mukono, tukaenda kwa miguu.

«Leta funguo,» alimuambia mekanisie.

«Citoyenne, bwana yako alishakubali.»

«Bwana yangu anaendeshaka? Leta funguo!»

Bantu bakajaa kuangalia, mekanisie akamupa funguo. Moteur ilikuwa baridi, njo mama akafungua kifuniko ya radiatere, mule mayi ya kupoza moteur inapitaka. Mayi haikukuwa na mafuta. Akatosha kile kijiti cha kupimia mafuta: mafuta ilikuwa nyeusi, hapana nyeupe sawa maziwa. «Moteur ya kufa inachanganyaka mayi na mafuta,» alisema. «Hapa hakuna.» Mukaba ya ventilateur, ile feni ya kupoza, ilikuwa inakaza muzuri. Akawasha, akaacha ipate moto, akazima. Kisha akaweka mukono ku radiatere, juu kabisa, akashuka nayo pole pole. Akakamata na mukono yangu, akaipitisha vile vile.

«Unasikia nini?»

«Juu moto, mama. Chini baridi.»

«Basi mayi haipiti. Kuko kintu inaziba.»

Tukangojea ipoe. Akafungua mupira ya chini yenye kupitisha mayi, na kule kukatoka... Mungu wangu! Bukari. Mabonge ya bukari, nyeupe, inanata!

Bantu balicheka paka machozi. Baba alikuwa amefika, anaangalia biatu yake. Radiatere ilikuwa na katobo kadogo, na benzake ba ku kazi balimuambia unga itaziba. Akamwanga unga, mutokari ikachemka, akaogopa kusema. Angeuzisha kamioneti, na masomo yetu pamoja nayo, juu ya kuona haya tu! Mpaka leo inaniuma.

Mama hakumutukana. Alisukuma mayi kutoka chini kwenda juu paka ikatoka safi, akachomesha kale katobo, na siku ya posho tukapita mbele ya ule mekanisie na honi. Baba alikuwa kando ya mama, bidon ya mayi ku magoti. Paka kufa kwa baba, kila akipewa bukari, mama anamuuliza: «Hii ya kula, ao ya mutokari?»

Leo bote babili habako tena, na kile kicheko ku meza ninakitamani sana. Vijana mekanisie ba sasa banachomeka ka-ordinatere, kompyuta kadogo, mu mutokari, banasoma, banaogopa kuchafua bidole. Juma iliyopita nilipeleka mutokari yangu kwa mumoja, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akaniambia: «Mama, moteur imekufa. Uzisha tu.» Hakugusa hata radiatere. Miye nilishagusa. Juu moto, chini baridi.

Nikanyoosha mukono yangu. Imezeeka, na mishipa inaonekana, sawa kabisa na ya mama.

«Leta funguo,» nikamuambia.