Sisimizi wa Kibagabaga

Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari Kigali, nikiishi kwa baba yangu, fundi cherehani wa Nyamirambo. Profesa aliyenifundisha chuoni alikuwa ameniomba nimtafutie sisimizi mdogo wa rangi ya asali, anayekaa ndani ya vijiti vikavu. Mpaka wakati ule alikuwa ameonekana katika msitu mmoja tu, mbali na mji. Profesa alitaka kujua kama yuko pia kwenye vilima vyetu. Basi kila Jumamosi nilitoka na kibanio, vichupa vya spiriti na ramani.

Vita vilikuwa kaskazini, na mjini mtu akichutama kando ya njia alitazamwa mara mbili. Kimisagara sikupata kitu. Kibagabaga, ambako bado kulikuwa mashamba ya ndizi na mtama, nilivunja kijiti kwenye ua wa watu nikawakuta wamejaa ndani. Nikatia alama ya penseli kwenye ramani.

Jirani yetu, mama muuza mkaa, akawa ananingojea mlangoni.

"Leo mwalimu umefika wapi tena?"

"Matembezi tu, mama."

Nikaanza kupita uchochoro wa nyuma.

Alasiri moja kiongozi wa seli, mkuu wa serikali wa mtaa wetu, akaingia kwetu na vijana wawili. Wakaketi bila kukaribishwa. Baba akasimama karibu na cherehani yake.

"Hii ramani iko ya nini?"

"Ya sisimizi, mzee."

Hakucheka. "Na hizi alama?"

"Ni mahali nilipowakuta."

Akainua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. "Sisimizi si sisimizi tu? Wewe unawatofautisha namna gani?"

"Kwa kiuno. Huyu ana vifundo viwili, yule kimoja."

Akataka kitambulisho changu, chenye kabila langu. Akakisoma polepole, akanitazama usoni, akakisoma tena. Nilitamani nimeze kila neno nililosema juu ya viuno. Mwishowe akaikunja ramani akaitia mfukoni. Vichupa akaviacha.

Sikuwa na shaka: ni yule jirani aliyenichongea. Nikaanza kununua mkaa mbali, kule bondeni. Baba aliponiona napanda kilima na gunia kichwani, akasimamisha cherehani.

"Mwache mama wa watu. Mimi ndiye niliyekwenda kwa kiongozi wa seli."

"Wewe, baba?"

"Maneno juu yako yalishafika msikitini, mwanangu. Nilitaka wayasikie kwangu kwanza, wakukute nyumbani, nami nikiwepo. Wangekukuta huko mashambani peke yako, ingekuwaje?"

Sikujua nimkasirikie au nimshukuru. Kwa baba nilirudisha imani. Jirani niliendelea kumchungulia kupitia pazia, na mara nyingine nilimkuta naye ananichungulia.

Nikampelekea profesa vichupa. Aliinama juu ya hadubini muda mrefu, kisha akasema, "Ndiye. Ramani iko wapi?"

"Wameichukua."

Akavua miwani. "Kibagabaga, unasema? Una hakika hawa hawakutoka kwenye kabati letu la vielelezo hapa chuoni?"

Nilirudi nyumbani. Baba alipopata habari, alifunika cherehani, akavaa koti lake la sikukuu, tukaenda Kibagabaga pamoja. Aliniinamishia tawi kwa mikono yake miwili. Wanawake waliokuwa wakilima wakaacha majembe wakatutazama.

"Mwiriwe!" baba akawasalimu.

Walikawia kuitikia.

"Vunja upesi," akaninong'oneza, huku akiendelea kuwatabasamia.

Nikavunja. Walikuwamo, na mayai yao meupe kama chembe za chumvi. Safari hii nilimpelekea profesa kijiti kizima, nimeziba ncha zote mbili kwa nta. Akakipasua mwenyewe mezani, akawaona wakikimbia, akaandika Kibagabaga. Lakini kabla ya kuandika alinifanya nilitaje jina la kilima mara mbili, akiniangalia mdomo kama anayengojea niteleze.